Nyumba ya Fundi Saa Ina Kisirani

Ndugu zangu, sogeeni mbele kidogo, na akina mama huko nyuma ya pazia, kama hamnisikii gongeni ukuta. Spika nimeizima. Tuko wachache, Alasiri imeshaswaliwa, hatuna haraka. Feni mmeiona wenyewe, haizunguki. Nilipokuwa naingia nilimkuta Bwana Mhando ameikodolea macho, anasema, "Hii feni ina kisirani." Akaigonga na fimbo ya kufungulia madirisha, ikazunguka mara mbili, ikasimama tena. Bwana Mhando, usiiname, sikusemi vibaya. Umenipa neno la leo. Nilikuwa nimeandaa jambo jingine kabisa, nimelirudisha mfukoni.

Kisirani. Kuna asiyelijua neno hili hapa? Gari likizimika kila likifika mlimani, tunasema lina kisirani. Ukitoka nyumbani ukajikwaa kidole, ukarudi kuchukua mwavuli ukajikwaa kidole kilekile, unasema leo nimeandamwa na kisirani. Hapo maana yake ni nuksi, mkosi, jambo baya linalokuja lenyewe bila kualikwa. Lakini neno hilohilo lina maana ya pili. Yule mtu asiyeguswa, anayefoka kwa jambo dogo, ukimsalimia anakuuliza unamsalimia ili iweje, yule tunamwitaje? Tunasema fulani ana kisirani. Neno ni moja, maana ni mbili. Mmewahi kujiuliza zimekaaje pamoja? Basi nitawatolea mfano, halafu jibu mtanipa ninyi.

Palikuwa na fundi saa mmoja. Msiniulize wa mji gani, maana nikitaja mji mtaanza kumtafuta. Alikuwa na meza yake sokoni, karibu na wauza vitambaa, meza yenye kisanduku cha kioo, na ndani ya kisanduku saa za watu zimelala zinasubiri. Alikuwa na kile kioo kidogo cha kubana kwenye jicho. Akikibana, jicho la pili analifumba, shavu linapanda juu, na anaweza kukaa hivyo saa nzima anatafuta kiskrubu usichoweza kukiona hata ukionyeshwa.

Huyu bwana, kwa upole, sokoni alikuwa hana mfano wake. Mama mmoja analeta saa ya ukutani, anauliza itapona lini. Anajibiwa. Anazunguka kununua vitunguu, anarudi, anauliza itapona lini. Anajibiwa. Mara nne, na mara zote nne kwa sauti ileile ya taratibu: "Alhamisi, mama yangu, inshallah." Siku moja mpita njia aligonga meza, viskrubu vikamwagika mchangani. Fundi alicheka, akapiga magoti akaviokota kimoja kimoja, akamwambia yule bwana, "Usijali, hata mimi nimewahi kugonga meza za watu." Watu wakawa wanasema, mke wa fundi saa ana bahati.

Saa kumi na nusu alikuwa anafunga meza, anakwenda nyumbani. Na akifika kwenye kona ya nyumba yake alikuwa na desturi ya kukohoa. Hakuwa mgonjwa, ni desturi tu. Lakini ndani ya nyumba kile kikohozi kilikuwa kinajulikana vizuri. Redio inazimwa. Viatu vinapangwa. Mtoto wa jirani aliyekuja kucheza anatolewa kwa mlango wa uani. Kutoka kikohozi mpaka hodi ni hatua kama arobaini, na mke wake kwa miaka thelathini alikuwa amezoea kufanya mengi ndani ya hatua arobaini.

Kwa sababu yule mtu aliyekuwa sokoni hakufika nyumbani. Aliyefika alikuwa mwingine. Chai ya moto sana, anafoka. Inapoozwa, anauliza kwani nyumba hii mkaa umekwisha? Mlango ulikuwa unalia, akagomba juma zima kwamba hakuna anayejali. Mwanawe akautia mafuta. Akarudi, akausukuma, haukulia. Akasimama kizingitini akauliza, "Nani kachezea mlango wangu?"

Mnacheka. Mzee Semkiwa, unacheka peke yako au mama naye anacheka huko nyuma? Nimesikia ukuta umegongwa.

Hebu tusimame hapa kidogo kwenye lugha. Hasira na kisirani si kitu kimoja. Hasira ina sababu. Mtu kakuibia kuku, umekasirika, kuku akirudi hasira inapoa. Kisirani hakina sababu, kinatafuta sababu. Ukiirekebisha chumvi kinahamia kwenye maji ya kunywa, ukileta maji kinahamia kwenye glasi. Na mwenye nacho hakioni. Muulize, atakwambia, "Mimi ni mkali tu, napenda mambo yaende sawa." Fundi wetu naye alikuwa anajiita mkali.

Basi, alikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Kijana akakua, akaoa, akamleta mke wake pale nyumbani kwa wazazi, kwenye chumba cha uani. Binti mcheshi, mwenye mikono ya kazi, amelelewa vizuri. Na sisi tunajuana kwa hili: bibi harusi akiingia nyumba mpya, tunautazama mguu wake. Mbuzi akizaa mapacha wiki ile, tunasema ana mguu mwema. Mbuzi akifa, ana mguu wa kisirani. Mbuzi mwenyewe alikuwa anaumwa tangu mwezi wa Rajabu, lakini hiyo tunaisahau.

Siku ya tatu, yule binti alikuwa anampelekea baba mkwe chai. Kisahani kikamponyoka, kikavunjika. Fundi akakitazama. Juma lililofuata maziwa yakafurika yakazima jiko, fundi akiwa amekaa palepale barazani. Ijumaa, binti anapiga pasi kanzu ya baba mkwe, na baba mkwe amesimama mlangoni anamwangalia, pasi ikaacha alama ya kahawia mgongoni. Siku nyingine mchuzi ukaja na chumvi mara mbili, hauliki. Fundi akasukuma sahani, akamwambia mke wake maneno ambayo kwa kweli ndiyo yaliyoanzisha kisa hiki. Alisema, "Nyumba hii imeingiwa na kisirani. Na tunajua kimeingia na nani."

Kuanzia hapo akawa anahesabu. Kila kinachoanguka, anakiweka kwenye orodha yake kichwani. Baada ya miezi miwili akamwita mwanawe.

"Mkeo ni binti mzuri," akamwambia, "sina neno naye. Lakini ana mguu wa kisirani. Nyumba hii itateketea. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi ujao umrudishe kwao kwa heshima, na talaka yake mkononi."

"Baba, lakini yeye..."

"Yeye nini?"

Kijana alikuwa anampenda mke wake, nawaambieni, alikuwa anampenda sana. Lakini tangu utoto wake hajawahi kumaliza sentensi mbele ya baba yake. Akatoka nje, akaenda kukaa kwenye ngazi za uani, na mke wake akamwona, akajua. Aliingia chumbani akaanza kukunja nguo zake, akalia mpaka kanga ikalowa.

Sasa mama. Huyu mama miaka thelathini alikuwa hasemi. Si kwamba hana la kusema. Alikuwa ameona kwamba kila akisema, moto unaongezeka, akaamua kuwa mtu wa ndiyo. Lakini kumtoa yule binti kulimkaa vibaya. Alikuwa hana binti wa kumzaa, na huyu alikuwa anamwita mama kwa moyo. Akangoja asubuhi, wakati mume wake anakunywa uji, kabla kisirani hakijaamka. Maana na chenyewe kina saa zake, wake zetu wanazijua.

Akamwambia, "Fundi." Alikuwa anamwita hivyo, kama watu wa sokoni. "Nikuulize jambo la kazi yako."

"Uliza."

"Saa ikisimama, wewe unajuaje ni kipi kinachoizuia?"

Fundi akafurahi. Nani asiyependa kuulizwa kazi yake? Akaweka kikombe chini. "Naifungua. Natoa kitu kimoja, naijaribu. Ikibaki imesimama, basi kile hakina kosa, nakirudisha. Natoa cha pili. Hivyohivyo mpaka nikifikie chenye kosa."

"Hutupi kitu kabla hujajaribu?"

"Fundi wa kutupa kabla ya kujaribu si fundi, huyo ni mharibifu."

"Basi nyumba yetu imesimama," mama akasema. "Tuijaribu hivyo kabla ya kutupa mtu."

Fundi akakunja uso. Lakini angesema nini? Ilikuwa ni kanuni yake mwenyewe, ameitamka sasa hivi, na uji bado uko mdomoni. Akakubali. Moyoni alikuwa anajua jibu, akaona ni kupoteza majuma tu.

Juma la kwanza akatolewa binti. Akaenda kwao kuwasalimia, hakuna aliyemwambia mtu lolote. Fundi akakaa akingoja nyumba itulie. Jumapili mama akaangusha kifuniko cha sufuria, kikampiga mguuni. Jumanne mchuzi ukaja hauna chumvi kabisa. Alhamisi kijana alikuwa juu ya kiti anaifuta vumbi saa ya ukutani, saa ya baba yake aliyoitengeneza kwa mkono wake, baba akaingia akauliza, "Unafanya nini na saa yangu?" Kijana akageuka, saa ikaenda chini. Nyumba ya fundi saa, saa imevunjika.

Mama akauliza kwa upole, "Je, fundi? Tumemtoa, bado imesimama."

"Ameacha nyayo zake," fundi akasema.

"Kwenye saa kuna kitu kinaacha nyayo?"

Binti akarudishwa.

Juma la pili akatolewa kijana, akapelekwa kwa mjomba wake. Ndoo ikakatika kamba ikazama kisimani. Maziwa yakafurika mara mbili. Kijana naye akarudishwa.

"Tumebaki wawili," mama akasema. "Wewe na mimi. Nani atangulie?"

"Ukitoka wewe nani atapika?"

"Basi utangulie wewe. Dada yako kila siku analalamika humtembelei."

Fundi akacheka. Alicheka kweli, jambo la nadra pale nyumbani. "Mimi ndiye fundi. Fundi hatolewi kwenye saa."

"Na fundi akiacha kidole chake ndani ya saa," mama akauliza, "saa itatembea?"

Yule bwana alikuwa mdomo umefunguka tayari kufoka, na mama alikuwa tayari ameushika ukingo wa meza. Lakini lile lilikuwa swali la kazi, na jibu lake ni moja. Fundi akatia nguo zake kwenye mkoba, akamwambia mwanawe, "Nikirudi Jumamosi, hii habari inakwisha. Jiandae," akaenda kwa dada yake.

Huko akakaa siku tano. Alikuwa mgeni mzuri sana, kama mtu wa sokoni. Alicheza na watoto wa dada yake, akasifu kila chakula. Dada yake akashangaa, akasema, "Kaka, wifi yangu anafaidi." Hilo neno likamkaa kidogo kifuani, hakujua kwa nini. Ijumaa baada ya swala akaamua asingoje Jumamosi. Dada akampa kapu la ndizi mbivu, akapanda gari, saa kumi na moja alikuwa kwenye kona ya nyumba yake.

Hakukohoa. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika lile kapu, na pumzi ilikuwa imemwishia kwa kupanda kilima. Akafika mpaka mlangoni kimya, akaliweka kapu chini, akainua mkono apige hodi. Ndipo akasikia.

Redio ilikuwa inaimba. Sahani zilikuwa zinagongana kwenye beseni, watu wanaosha vyombo. Na mtu alikuwa anacheka. Akasikiliza, akadhani ni jirani. Kicheko kinatoka chini tumboni, kinapanda, kinakatika, kinaanza tena. Ikamchukua muda kutambua kuwa ni mke wake. Alikuwa amekisahau. Walipooana, kicheko hicho ndicho alichokipenda kwanza, kabla hata hajamwona uso vizuri, na sasa amesimama nje ya nyumba yake anauliza moyoni ni cha nani.

Akasikia na sauti ya mwanawe. Kijana alikuwa anasimulia habari ya mjomba wake na mbuzi aliyeingia dukani, sentensi ndefu, moja baada ya nyingine, anazimaliza zote. Fundi hakujua kwamba mwanawe ni msimuliaji mzuri kiasi kile.

Kisha akamsikia yule binti. "Mama, nitazame," anasema, "baba anaukagua ugali." Hapakuwa na neno jingine, lakini fundi alijua kinachofanyika mle ndani. Jicho moja limefumbwa, shavu limepanda juu, binti ameinamia sahani anatafuta donge kama mtu anayetafuta kiskrubu. Kicheko cha mama kikaanza upya mpaka akaomba maji. Haikuwa dharau. Mtu akikudharau unaisikia. Walikuwa wanamwigiza kama tunavyomwigiza mtu wetu. Na fundi, pale nje, alitabasamu, akajikuta anatamani kuingia naye akacheke.

Basi akapiga hodi.

"Hodi wenyewe."

Redio ikazimwa. Kicheko kikakatika katikati, kama umefunika chungu. Kukawa kimya. Na ndani ya kimya kile, kitu kikaanguka sakafuni kikavunjika.

Akasukuma mlango ule usiolia. Mwanawe alikuwa amesimama ukutani, mikono imenyooka, kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu. Mke wake yuko jikoni, mkono uko mdomoni, na nyuma yake maziwa yanapanda kwenye sufuria, hakuna anayeyatazama. Yule binti alikuwa amepiga magoti sakafuni. Alikuwa anakikausha kikombe cha baba mkwe, kile cha maua, ili kesho akirudi akikute kisafi. Sasa anaokota vipande kwa haraka, na kidole chake kinatoka damu.

"Nisamehe, baba," anasema bila kuinua uso. "Nisamehe. Ni kisirani changu."

Maziwa yakafurika, jiko likazima.

Fundi akasimama. Akamtazama mke wake. "Siku hizi tano," akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo, "vimevunjika vingapi?"

Mama akageukia sufuria ya maziwa.

"Niambie, mama."

"Hicho ndicho cha kwanza," mama akasema.

Na chumvi? Nani anataka kujua habari ya chumvi? Mchuzi ulikuwa na chumvi mara mbili kwa sababu mama alitia, na binti akatia, na hakuna aliyethubutu kumuuliza mwenzake umeshatia, maana fundi alikuwa amekaa barazani, na fundi alikuwa hapendi kelele za jikoni. Na ile siku nyingine, binti akiwa kwao, mama peke yake alisahau kutia, maana masikio yake yote yalikuwa barazani. Ndivyo ilivyokuwa. Hapakuwa na jini wala husuda wala mguu wa mtu. Mikono ya watu ilikuwa inatetemeka, basi.

Yule mzee akachuchumaa. Magoti yake yalilia. Akanyoosha mkono kuchukua kipande, na binti akaurudisha mkono wake nyuma haraka, kama anayekwepa. Fundi akaliona hilo. Amekaa miaka thelathini anaona viskrubu visivyoonekana, na hilo ndiyo kwanza analiona.

"Acha, mwanangu," akasema. "Hiki changu."

"Najua ni chako, baba. Nitakutafutia kingine, vipo sokoni vya maua hivyohivyo..."

"Si kikombe," akasema yule mzee.

Akaokota vipande vyote yeye mwenyewe, akavifunga kwenye leso yake. Habari ya talaka haikutajwa tena siku ile wala nyingine.

Sasa msitake niwaambie kwamba kesho yake aliamka malaika. Kesho yake aligomba kwa sababu ya kiatu. Lakini alipogomba, akasita, akamtazama mkwewe mikononi, kama ameshika kitu. Akamaliza kuvaa kiatu chake akatoka. Mtu mzima habadiliki kama taa inavyowashwa. Ila tangu siku hiyo vile vipande aliviweka kwenye kisanduku chake cha kioo sokoni, pamoja na saa za watu. Watu wakimuuliza hivi navyo vya nani, anajibu, "Hii ni kazi yangu mwenyewe, haijaisha."

Nirudi kwenye neno letu. Nilisema jibu mtanipa ninyi, na naona mmeshanipa, maana hata Bwana Mhando ameacha kuitazama feni. Waliotuachia lugha hii hawakukosea kuziweka maana mbili kwenye neno moja. Walikaa ndani ya nyumba kama zetu, wakaona kwamba pale penye mtu wa kisirani ndipo vikombe vinapovunjika. Ndiyo, iko mikosi ya kweli, mvua inakataa, maradhi yanakuja, na hayo ni majaaliwa ya Mwenyezi Mungu, tunasubiri. Lakini mingi tunayoiita mikosi nyumbani kwetu tumeingia nayo sisi wenyewe, saa kumi na nusu, tukakohoa kwenye kona.

Na tazameni tunavyolitumia neno hili. Likimhusu mwingine, tunasema ana kisirani, ni chake, amezaliwa nacho. Likituhusu sisi, tunasema, "Leo nimeamka na kisirani." Umeamka nacho? Kwani kililala wapi? Unakisema kama mbu aliyeingia kwenye chandarua. Mwezi wa Ramadhani tunasema ni swaumu. Mwezi mwingine ni jua. Mvua ikinyesha ni matope. Wako watu hapa, nami nimo, ambao sokoni na ofisini na hapa msikitini wanachekesha hadhira nzima, na nyumbani mtu hajasikia utani wao tangu mwaka juzi. Upole wote tunaugawa kwa wapita njia. Wale waliotuzaa na tuliowazaa na tuliowaoa wanapewa kilichobaki, na kilichobaki ni hicho.

Na mara ngapi tumemtafuta mwenye mguu mbaya? Huyu mke tangu aingie biashara haiendi. Huyu mtoto tangu azaliwe sina raha. Huyu mama mkwe akija tu vitu vinaharibika. Binti wa watu alikuwa karibu kurudishwa kwao na talaka mkononi, aende akaolewe tena na jina la kisirani mgongoni, kwa kosa la mikono iliyotetemeka. Nani aliyeitetemesha? Tutajibu nini tutakapoulizwa, na tutaulizwa?

Sina dawa ndefu. Leo mkitoka hapa, mkifika kwenye milango yenu, msikohoe. Msipige hodi kwanza. Simameni pale nje, kidogo tu, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, msikilize nyumba zenu zinasema nini mkiwa hamumo. Kisha pigeni hodi, msikilize tena.

Mimi nilijaribu Jumanne. Sitawaambia nilichokisikia. Ila kwenye dua tunayoomba sasa hivi, mtakaponyanyua mikono, naomba na mimi mnitie.